Kitambaa Kwanza, Mtu Baadaye: Wamarekani katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Neno Marekani lilipofika kwa mara ya kwanza kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria, halikuwa jina la nchi wala la watu. Lilikuwa jina la nguo. Merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa wala kutiwa nakshi, kilipandishwa bara kutoka Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, kikapitia Unyanyembe na kuishia Usukuma, Ukerewe na ng'ambo ya ziwa. Kilipimwa kwa mkono: mikono minne ilifanya shuka, shuka mbili zikafanya doti. Kwa kitambaa hicho zilinunuliwa pembe za ndovu na chakula cha msafara, na kwa hicho hicho ililipwa hongo ya watemi. Mtu wa Usukuma wa miaka ya 1850 angeweza kuvaa Marekani, kukopeshana Marekani na kuzikwa ndani ya Marekani bila kujua kwamba kuna mahali panapoitwa hivyo.

Chanzo cha kitambaa hicho kilikuwa Salem, bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts, ambako wenye majahazi walikuwa wakifuata pembe, karafuu na sandarusi ya Unguja. Mwaka 1833 serikali ya Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sultani Said bin Sultan huko Muscat. Mwaka 1837 mfanyabiashara wa Salem, Richard Waters, akawa konseli wa kwanza wa nchi hiyo Unguja, miaka minne kabla ya Waingereza kumweka wa kwao. Viwanda vya pamba vya Massachusetts vilifuma kitambaa kizito na cha bei nafuu, nacho kikashinda vya wengine sokoni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilikata pamba na kuvuruga viwanda, na wafumaji wa Bombay wakaingia katika nafasi hiyo. Jina lilibaki lile lile. Kitambaa kilichofumwa India kiliendelea kuitwa merikani, na mnunuzi wa Ukerewe hakuwa na sababu ya kulalamika. Hata jina la nchi katika Kiswahili lina alama ya historia hiyo. Marekani halikutokana na jina la nchi kwa Kiingereza. Lilitokana na neno linaloieleza bidhaa itokayo huko, kana kwamba Waswahili waliisoma nchi nzima kwenye jora la nguo.

Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa ziwa jina la malkia wake, alilipia njia yake kwa shehena za nguo kama hizo. Watu walizipokea nguo, na mtu mwenyewe wakamwita Mzungu, neno lililowatosha Wazungu wote bila kujali bendera. Mazoea hayo yana uzito katika historia hii. Kwa muda mrefu watu wa ziwani hawakuhitaji kumtofautisha Mmarekani na Mwingereza, Mjerumani au Mfaransa. Tofauti hiyo ilikuja pole pole, na kila ilipokuja iliambatana na kitu cha kushikika: nguo, unga, filamu, mfuko.

Mtu wa kwanza kufika upande wa Mwanza akiwa na bendera ya Marekani alikuwa Henry Morton Stanley, naye ni mfano mzuri wa jinsi jina na mtu visivyolingana. Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald pamoja na Daily Telegraph la London. Aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kufika Kageye, kijiji cha ufukweni katika wilaya ya leo ya Magu, tarehe 27 Februari 1875, baada ya siku 103. Wapagazi wake walikuwa wamebeba mashua nzima, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ipite kwenye vijia vya porini. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalimjua kama Mmarekani machachari, mwandishi wa habari mwenye haraka, bunduki na maneno mengi. Kumbe alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akakulia katika nyumba ya maskini, na kuvuka Atlantiki akiwa kijana. Uraia wa Marekani aliupata rasmi mwaka 1885, miaka kumi baada ya safari ya ziwa, na mwaka 1892 akarudia uraia wa Uingereza. Umarekani wake, kwa hiyo, ulikuwa vazi, nalo alilivaa kwa bidii kuliko wengi waliozaliwa huko.

Kageye haikuwa kijiji kilicholala kikingoja kuamshwa. Kaduma, mtawala wake, alikuwa amezoea wageni, na mfanyabiashara wa pwani aitwaye Sungoro alikuwa na makazi hapo na shughuli zake za majini. Stanley aliacha sehemu ya msafara kijijini na kuzunguka ziwa kwa mashua kuanzia Machi 8 hadi Mei 6. Aliporudi alikuta mmoja wa vijana wake wa Kiingereza, Frederick Barker, amekwisha kufa na kuzikwa. Alipohitaji mitumbwi ya kuhamisha watu kwenda Buganda, alimwendea Lukonge, mtawala wa Ukerewe, na hapo mazungumzo yakawa ya pande mbili. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, Lukonge alimwomba amfundishe dawa kubwa za wazungu. Mtawala wa Ukerewe kazi yake ilikuwa kuleta mvua, na mtu aliyefika na mashua ya vipande lazima awe na siri. Lukonge alimpima mgeni kwa kipimo cha ufundi wake mwenyewe, kama seremala anavyomuuliza seremala mwenzake randa yake ameipata wapi. Ombi kama hilo huchekwa na wasomaji wa leo, ingawa mgeni naye alikuwa akidhani kwamba bendera mbili na msafara wenye silaha vilimpa haki ya kupita popote.

Haki hiyo ya kujidhania ililipiwa Bumbire, kisiwa cha upande wa magharibi, mkoa wa leo wa Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1875 watu wa kisiwa waliinyang'anya Lady Alice makasia na kuwatishia abiria. Stanley alitoroka kwa risasi. Mwanzoni mwa Agosti alirudi na mitumbwi mingi, akasimama mbali na ufukwe ambako mishale haikufika, akafyatua. Mwenyewe aliandika kwamba watu zaidi ya 30 waliuawa, na habari hiyo ilipochapwa ilizua kelele Uingereza. Ukihesabu vizuri, basi, tukio lililomjenga Mmarekani wa kwanza wa mwambao huu kama mtu wa bunduki lilifanywa na mzaliwa wa Wales, wapigaji risasi wengi wakiwa Waswahili wa pwani na Wanyamwezi.

Mmarekani wa kuzaliwa alikuwa amemtangulia, lakini kwa upande wa kaskazini. Charles Chaillé-Long wa Maryland, ofisa katika jeshi la Misri, alifika kwa Kabaka Mutesa mnamo Juni 1874 na kuingia ziwani. Hakuacha kumbukumbu kubwa. Theodore Roosevelt naye alivuka kwa meli kutoka Kisumu kwenda Entebbe mnamo Desemba 1909, mwaka aliotoka urais, akiwa katikati ya safari ndefu ya kuwinda.

Mwaka huo huo wa 1909, pasipo magazeti wala mbwembwe, Wamarekani waliokusudia kukaa walifika upande wa Mwanza. Africa Inland Mission, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1895, ilipokea kutoka kwa Waanglikana wa CMS kituo cha Nassa, kando ya ghuba inayoitwa kwa jina la Speke. Kutoka hapo ilienea Usukuma, na kanisa lililozaliwa nayo, AIC, hadi leo lina makao yake makuu Mwanza. Wamisionari hao walikuwa watu wa masharti. Muumini hakunywa pombe, hakuvuta tumbaku, hakucheza ngoma. Kwa Wasukuma, ambao mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu yalikuwa sehemu ya mwaka wao kama mavuno, sharti la mwisho lilikuwa zito kuliko mengine. Mmarekani wa Nassa alijulikana kwa mambo aliyoyakataa. Kwake hapakuwa na hata tone la picha ya mtu wa starehe na kelele ambayo miaka themanini baadaye ingehusishwa na nchi yake.

Wageni waliovunja picha hiyo kuliko wote walikaa Shirati, kaskazini kabisa mwa mwambao, karibu na mpaka wa Kenya. Mwaka 1934 Wamennonite wa Lancaster, Pennsylvania, wakiongozwa na Elam Stauffer na kusaidiwa na Orie Miller aliyekuja kutafuta eneo, walianza kituo chao katika nchi ya Wajaluo. Shirati ilikuwa imeshapata kituo cha Wajerumani, kisha ikaja serikali ya Waingereza, na zote mbili zilijulikana kwa askari na kodi. Sasa walikuja wazungu ambao imani yao iliwakataza kushika silaha. Wanawake wao walivaa magauni marefu yasiyo na urembo na kofia ndogo nyeupe za kitambaa chepesi juu ya nywele zilizofungwa. Wanaume walivaa makoti yasiyo na kola ya kukunja, bila tai. Kwa mwenyeji aliyetaka kumtambua mzungu kwa kiatu chake na saa yake, hao walikuwa fumbo. Walitoka nchi iliyosifiwa kwa utajiri, nao walivaa kama watu wa nadhiri.

Vita vya pili vya dunia vilifanya fumbo hilo lionekane wazi. Serikali ilikusanya vijana wa Mara, Wakuria hasa, kuingia King's African Rifles, na baadhi yao walifika Burma. Nyumbani, kwenye vituo vya Shirati, Mugango, Bumangi na Nyabasi, wamisionari walihubiri kwamba Mkristo haui hata akiamriwa na mfalme. Kwao Marekani vijana wa dhehebu hilo hilo walikataa jeshi na kupelekwa kwenye kazi za kiraia. Kwa hiyo familia za Mara zilimwona Mmarekani asiyepigana miaka mingi kabla ya kumwona Mmarekani wa sinema asiyefanya jambo lingine.

Hata hivyo, upole haukufuta ukuta. Wamisionari walikaa kwenye nyumba zao, walikula mezani kwao, na walishika fedha na maamuzi. Mwaka 1942 uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulifika Shirati, na watu wakaanza kuungama hadharani, weusi kwa weupe. Waafrika waliungama wizi na chuki, na baadhi ya wamisionari wakaungama kiburi chao cha rangi mbele ya watu waliokuwa wakiwafundisha. Zedekia Kisare, Mjaluo aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Shirati, aliliona tukio hilo kuwa ndipo Mmarekani alipoanza kuwa ndugu. Januari 1967 Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania, na hospitali ya Shirati, ambayo jina lake lilivuka mpaka hadi Kenya, ikabaki mikononi mwa kanisa hilo.

Hapa kuna jambo ambalo wanahistoria wa taswira za mataifa hulipita upesi. Mtu aliyejulikana vizuri alipoteza jina la taifa lake. Wa Shirati waliitwa Wamenoni. Wa Nassa waliitwa wa AIC, au mmisheni. Neno Mmarekani lilibaki likimsubiri mtu asiyejulikana, yule wa redio na wa hadithi. Ndiyo maana miaka mingi ya kukaa pamoja haikuibadilisha taswira kwa kiasi ambacho mtu angetarajia: mifano iliyoipinga iliondolewa kwenye hesabu kwa kupewa majina mengine.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Wamaryknoll, Wakatoliki kutoka jimbo la New York. Walifika mwaka 1946 kupokea eneo la Musoma kutoka kwa Mapadri Weupe, ambao walikuwa ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1870. Mwaka 1956 mmoja wao, Edward McGurkin, akawa askofu wa kwanza wa Shinyanga. Tofauti yao na Wamarekani wa Nassa ilionekana hata kwa mtoto, kwa sababu padri aliweza kuvuta sigara na kukaribishwa pombe bila kutetemeka. Mtu wa Usukuma aliyezunguka kati ya misheni hizo mbili angeshindwa kusema Wamarekani wana msimamo gani juu ya pombe. Padri Arthur Wille wa Maryknoll alihitaji kujifunza Kizanaki, na mwalimu wake akawa Julius Nyerere, aliyekuwa ameacha kazi Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa na kurudi nyumbani kwa muda. Nyerere alimsaidia pia kutafsiri maandiko ya dini. Machi mwaka huo alikuwa amesimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York akidai Tanganyika iandaliwe kujitawala, kwa hiyo mwalimu alikuwa na taarifa kuhusu nchi ya mwanafunzi wake. Baadaye Wamaryknoll walianzisha shule ya Kiswahili Makoko, nje kidogo ya Musoma, ambako wageni wa kila dhehebu na taifa walikalishwa darasani wajifunze ngeli kabla ya kuanza kazi.

Katika miaka hiyo hiyo pamba ilifanya safari ya kurudi. Pamba iliyopandwa Usukuma tangu Wajerumani, na kwa wingi zaidi chini ya Waingereza, asili yake ni jamii ya Marekani, ile ile iliyokuwa ikilisha viwanda vya merikani. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1932, kilizalisha mbegu zilizoweza kuhimili wadudu na ukame wa hapa. Mbegu hizo hubeba herufi UK, na wapo wanaodhani ni za Uingereza. UK ni Ukiriguru. Paul Bomani aliwaunganisha wakulima wa mmea huo katika Victoria Federation, chama kikuu cha ushirika kilichotajwa kuwa miongoni mwa vikubwa Afrika. Kuanzia 1972 hadi 1983 Bomani alikuwa balozi wa Tanzania Washington. Mwana wa mchungaji Msabato kutoka mwambao wa pamba aliwakilisha taifa kwa zaidi ya muongo mmoja katika nchi iliyokuwa chimbuko la mbegu ile, na ni vigumu kupata Mtanzania wa kizazi chake aliyewajua Wamarekani kwa muda mrefu kuliko yeye.

Uhuru ulileta Wamarekani wa aina nyingine. Tanganyika ilikuwa nchi ya kwanza kutangaziwa mpango wa Peace Corps mwaka 1961, na kundi la kwanza, wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia 35, lilifunzwa El Paso, Texas. Walimu walifuata kwa mamia, wakapelekwa shule za msingi na sekondari nchi nzima, zikiwemo za kanda ya ziwa. Walikuwa vijana, wengi hawajafika miaka 25. Walilipwa posho ya kujikimu, wakapanda mabasi ya watu wote na kubishana bei sokoni kwa Kiswahili cha kuunga. Picha ya tajiri wa Marekani iligonga mwamba: huyu hapa Mmarekani, na hana gari.

Picha iliyochukua nafasi yake ilikuwa ya jasusi. Novemba 1964 serikali ilitangaza kupata nyaraka za njama ya Marekani, ambazo baadaye ilionekana ni za kughushi. Januari 1965 wanadiplomasia wawili wa Marekani walifukuzwa nchini. Vita vya Vietnam viliongeza shaka. Kijana wa miaka 23 aliyekuwa akifundisha Kiingereza kijijini, akiandika barua kila jioni kwa taa ya chemli, aliweza kuhesabiwa kuwa mtu wa CIA kwa sababu hiyo hiyo ya kuandika kila jioni.

Katika hali hiyo ndipo likatokea tukio la Maswa. Machi 1966 mwalimu mmoja wa Peace Corps alishtakiwa kwa kumuua mke wake, ambaye kwa maelezo yake aliteleza na kuanguka kutoka juu ya miamba walipokwenda matembezi. Kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu mjini Mwanza mwaka huo huo, jaji akisaidiwa na wazee wa baraza. Wako waliotarajia mahakama ya nchi changa imtumie Mmarekani kulipiza kisasi cha siasa, na wako waliotarajia serikali yake imchomoe kwa simu moja. Hayakutokea yote mawili. Alikaa rumande kama mtuhumiwa mwingine, mashahidi wa kijijini walihojiwa mmoja mmoja, daktari alitoa ushahidi wake, na mwisho mahakama iliona shtaka halikuthibitishwa, akaachiwa. Pengine hakuna mahali pengine katika historia ya mwambao huu ambapo Mmarekani na wenyeji walitazamana kwa makini kiasi hicho, kila upande ukipimwa na mwenzake kwa kanuni zilizoandikwa. Peace Corps iliondoka nchini mwaka 1969 na kurejea mwaka 1979.

Walipokuwa hawapo, Marekani ilirudi kama kitu. Ukame na upungufu wa chakula wa 1973 hadi 1975 uliilazimisha Tanzania kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, na sehemu kubwa ya mahindi yaliyoletwa yalikuwa ya njano kutoka Marekani. Watu waliuita unga wake yanga, kwa rangi ya timu ya mpira ya Dar es Salaam. Ugali wa yanga ulikuwa na rangi ya nazi iliyotiwa manjano, ulikuwa mtamu kidogo mahali pasipotakiwa utamu, na haukushikana vizuri mkononi; mpishi aliyezoea sembe nyeupe aliongeza unga, ukawa mgumu kabla haujaiva. Ulipikwa hivyo hivyo, ukaliwa na dagaa. Ikasemwa kwamba Wamarekani wametuletea chakula cha mifugo. Usemi huo ulikuwa na ukweli nusu. Mahindi ya njano kwao hulishwa mifugo kwa wingi, lakini watu pia huyala, na hakuna aliyeyachagua kwa ajili ya kumdhalilisha mtu wa Kwimba. Kwa mlaji lakini, nia ya mkulima wa mbali haikuonekana kwenye sufuria. Kilichoonekana ni rangi.

Miaka kumi baadaye, masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, zilimiminika nguo kuukuu. Jina moja la mwanzo lilikuwa kafa ulaya: mwenye nguo amekufa huko, ndiyo maana zimeletwa. Watu hawakuweza kuamini kwamba mtu mzima na mwenye akili angeachana na koti zima. Mlango Mmoja, soko la mitumba la Mwanza, likawa maktaba ya namna yake. Bango la muuzaji lilikuwa sauti yake, na chini ya miguu yake palilala fulana zilizochapwa jina la shule ya sekondari ya mji usiojulikana, za kampuni ya mabomba, za ukoo uliokutana mwaka fulani kusherehekea bibi yao. Mpagazi wa Kirumba aliweza kuivaa fulana ya ukoo huo miaka mitano bila kujua kwamba amepewa habari ambayo sinema haisemi: kwamba Wamarekani nao wana shangazi na wajomba, na hukodi uwanja ili wakutane nao.

Sinema ilisema mengine. Katika vibanda umiza vya Mabatini, Igoma na visiwani, ambako televisheni moja na deki viliendeshwa kwa jenereta na watu wakalipa kiingilio kidogo kukaa kwenye mabenchi, Rambo na Komando walitawala tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mhusika mkuu aliitwa steringi, na kanuni ya kwanza ya mtazamaji ilikuwa kwamba steringi hafi. Filamu nyingi zilisimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Lufufu, msimuliaji aliyevuma kuliko wote, hakutafsiri tu. Aliwapa Wamarekani wale misemo ya mitaani, ubahili na matusi ya kirafiki, hadi kamanda wa jeshi akazungumza kama kondakta wa basi. Rambo akawa jina la mfuko wa plastiki wenye mikono, uliobeba picha yake, kisha mifuko yote ya namna hiyo ikaitwa rambo hata ilipokuwa haina picha. Mambo yalikwenda sawasawa na merikani karne moja na nusu nyuma. Serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia Juni 1, 2019, wauza dagaa wa mwalo wa Kirumba walirudi kwenye magazeti na vikapu, na Rambo akapotea midomoni taratibu.

Ni haki kusema kwamba upande wa pili nao ulikuwa na vibanda vyake. Mwaka 2006 filamu ya Mwaustria Hubert Sauper kuhusu sangara na ndege za mizigo za Mwanza iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na Rais Jakaya Kikwete akailaumu hadharani kwa kuuchafua mji na nchi. Mtazamaji wa Los Angeles aliiona Mwanza ya makahaba, mapanki na silaha. Hakuiona Mwanza ya walimu, wala ya wanawake wa vikoba.

Mwanza yenyewe haijawahi kuwa mji wa watalii wa Marekani. Hao hushukia Arusha, huingia Serengeti kwa mashariki na kuondoka bila kuliona ziwa. Anayefika Mwanza kwa kawaida amefuata kazi, na kazi hiyo mara nyingi iko juu ya kilima cha Bugando. Hospitali hiyo ya rufaa ilifunguliwa mwaka 1971, ina vitanda takriban 900, na huhudumia kanda nzima. Chuo cha tiba kilipoanza hapo mwaka 2003, uhusiano na chuo cha Weill Cornell cha New York uliimarika hata kikaitwa kwa muda Weill Bugando, kwa jina la Sanford Weill, mwenye benki aliyekifadhili. Madaktari na wanafunzi wa Marekani huja kwa wiki au miaka. Wenzao wa Mwanza wameshazoea mambo mawili. Mgeni huyu hufika saa mbili kasoro kwa kikao cha saa mbili, na hushangaa sana anapokuta mgonjwa amelala na ndugu wanne chini ya kitanda. Asichokitarajia ni kwamba dokta wa Bugando anaweza kupapasa tumbo na kutaja ugonjwa ambao yeye angeagiza vipimo vitatu kuutafuta.

Rangi nayo iliharibu hesabu. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo karibu na ziwa hili hili upande wa Kenya, alipochaguliwa mwaka 2008, zilitoka kanga zenye uso wake ndani ya ramani ya Afrika. Wajaluo wa Rorya walishangilia kama harusi ya nyumbani. Marekani ilikuwa imerudi tena kuwa kitambaa. Mmarekani mweusi wa kawaida, hata hivyo, akishuka uwanja wa ndege wa Mwanza husalimiwa kwa Kiswahili cha haraka, na asipojibu huonekana anaringa. Mwanafunzi wa udaktari aliyezaliwa California na wazazi wa Kichina, akipita wodini na koti jeupe, huitwa Mchina. Akisema ametoka Marekani, wagonjwa hutazamana, na mmoja wao humuuliza kwa upole: sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?